Naomba ushauri: kitanzi cha sauti kikibanwa, maneno yanakaa wapi?

Wakuu, habari zenu. Nimekwama kwenye kumbukumbu tendaji (working memory), yaani ile inayoshikilia habari kwa muda mfupi tunapozitumia. Modeli ya wanasaikolojia Baddeley na Hitch ya 1974, inayoigawa kumbukumbu hiyo katika vyumba, imezaa kitanzi cha sauti (phonological loop), kinachoshikilia maneno kwa kuyarudia kimoyomoyo. Sawa. Lakini mtu akisoma orodha kwa macho huku mdomo ukirudia "na, na, na", kitanzi kinabanwa, na bado anakumbuka maneno kadhaa! Nimesoma kuhusu hifadhi ya matukio (episodic buffer) aliyoiongeza Baddeley mwaka 2000, chumba kinachounganisha habari za sauti, za picha na za kumbukumbu ya muda mrefu. Kwangu inaonekana kama kiraka tu. Mwanasaikolojia Cowan naye hana vyumba hivyo: kwake ni kumbukumbu ya muda mrefu iliyoamshwa, na umakini unaobeba vitu kama 4.

Naombeni msaada: hayo maneno yanayobaki yanashikiliwa na nini? Na kuna jaribio linaloweza kutenganisha maelezo haya mawili?