Mama anakuja Japani Agosti, nimpeleke ziwa gani kuona fataki? Naombeni ushauri

Kijana wa Pongwe:
Wakuu habari za muda huu. Nipo Japani nasoma, nakaa Hachioji, huu mwaka wangu wa pili. Mwaka jana tarehe 5 Agosti nilienda Ziwa Kawaguchi kule chini ya Mlima Fuji kwenye sherehe yao ya fataki nikampigia mama simu ya video. Huku saa mbili usiku, Tanga saa nane mchana jua linawaka, mama kakaa barazani kaficha simu kwa upande wa kanga ili aone vizuri. Hakusema kitu muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata, kumbe analia. Akaniambia mwanangu hii na mimi niione kwa macho yangu kabla sijafa.

Basi tumejichanga mimi na dada zangu, tiketi imepatikana, anafika tarehe 9 Agosti anaondoka 23. Kawaguchi ndo hivyo itakuwa imeshapita. Nimeona kuna Ziwa Suwa mkoa wa Nagano tarehe 15, wanasema ni kubwa kuliko yote ya maziwa. Tatizo mama ana miaka 64, magoti yanamsumbua, kusimama muda mrefu hawezi, na ni mtu wa swala tano kwahiyo chakula nacho naangalia. Waliowahi kwenda naombeni mnielekeze ukweli, nisije nikamtesa mama yangu.

Mnyalu_Matsumoto:
Mkuu hongera sana kwa kumleta mama. Suwa nimeenda mara mbili, nakaa jirani hapa. Nikuambie kitu, kama kuna fataki moja ya kuona duniani basi kwangu ni ile. Wanarusha kama elfu arobaini usiku mmoja, walianza 1949 watu wakitaka kuinuka baada ya vita. Lile ziwa liko mita 759 juu na limezungukwa na milima kama bakuli, kwahiyo mlio ukipiga unagonga mlima unarudi unakukuta kifuani. Halafu kuna zile zinazopasukia juu ya maji kabisa, zinafunguka nusu duara, nusu nyingine unaiona kwenye maji, unapata ua zima. Wajapani wanaita hanabi, yaani maua ya moto, na pale ndo utaelewa kwanini.

Cha muhimu nunua viti vya kulipia mapema, usimkalishe mama kwenye turubai chini. Na treni ya Azusa siti zote ni za kubuku, zinafunguliwa mwezi mmoja kabla saa nne asubuhi, kwahiyo tarehe 15 Julai saa nne kasoro uwe umeshakaa mkao.

Mama Salha:
Samahani kaka Mnyalu lakini mimi namkatalia mwanangu huyu asiende Suwa na mama. Sijasema si nzuri, ni nzuri mno. Lakini tarehe 15 ni katikati ya Obon, Wajapani wanarudi makwao kwa ajili ya wazee wao waliotangulia, treni zimejaa nchi nzima. Ule mji una wakazi hawafiki elfu hamsini, siku ile wamewahi kuingia watu kama laki tano. Kwenda utaenda vizuri. Kazi ni kurudi. Nilienda na mtoto mgongoni, fataki zikaisha tukaingia foleni ya kuingia stesheni, barabara yote vichwa tu, tunasogea hatua tatu tunasimama, tunasogea tunasimama, choo kina foleni yake peke yake. Nilikuwa na miaka 31 na miguu mizima na nilitamani kukaa chini pale pale kwenye lami. Sasa mtu mwenye magoti?

Na mvua za radi za jioni msizisahau, milimani kule zinakuja ghafla. 2013 zilikatisha fataki katikati na watu wengi wakakwama usiku kucha.

Mnyalu_Matsumoto:
Dada hapo kwenye kurudi sikupingi. Ila akilala huko huko tatizo linaisha. Okaya ni ng'ambo ya ziwa, watu wachache kidogo, anaona kwa mbali lakini anaona.

Mama Salha:
Vyumba vya tarehe 15 watu wanawahi mapema mno kaka, na bei inapanda. Na kuona kwa mbali mama wa watu katoka Tanga?

Yotei88:
Wakuu mnasahau Hokkaido, kile kisiwa cha kaskazini. Kijana wa Pongwe, peleka mama Ziwa Toya. Pale fataki ni KILA USIKU kuanzia mwisho wa Aprili mpaka 31 Oktoba, saa tatu kasorobo usiku, dakika kama ishirini. Zinarushwa na boti huku zinatembea mbele ya mahoteli, kwahiyo mama anakaa kwenye kiti dirishani au anashuka ufukweni hatua chache, zikiisha anapanda kulala. Hakuna treni, hakuna foleni. Mvua ikinyesha leo kuna kesho.

Sio ukubwa wa Suwa, hilo nakuambia kabisa. Lakini ziwa lenyewe ni shimo la volkano ya zamani, katikati kuna visiwa, mchana hewa ikiwa safi unauona Mlima Yotei. Na mwambie mama kwamba Rais Kikwete alifika huko Julai 2008 kwenye mkutano wa G8, yale mataifa nane tajiri, akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Mama yangu nilipomwambia hivyo alitaka apigwe picha kila kona.

Usafiri: ndege kutoka Haneda, uwanja wa Tokyo, mpaka Shin-Chitose, uwanja wa Hokkaido, mwendo wa kama saa moja na nusu, treni ya Hokuto unashuka Toya, basi dakika kama ishirini.

Kijana wa Pongwe:
Duh asanteni sana. Na chakula?

Mama Salha:
Mwanangu vibanda vya sherehe vingi ni nguruwe, yakisoba, zile tambi za kukaanga, usimpe. Mchuzi wa mkunga unawekwa mirin na sake, hiyo ni pombe. Mpe samaki wa ayu wa chumvi wa kuchoma, na mahindi ya kuchoma, wanayapaka soya sosi, nayo huweza kuwa na pombe kidogo, kwahiyo mwambie muuzaji mapema asipake. Kwa hoteli waandikie kabla hujalipa, eleza nyama na pombe vyote viwili, maana ukisema nguruwe tu watakuletea kuku aliyelowekwa kwenye sake kwa nia njema kabisa. Na beba mswala wa safari.

Kijana wa Pongwe:
Mrejesho wakuu. Nimeongea na mama jana, nikamweleza yote mawili, Suwa kubwa ya usiku mmoja na Toya ndogo ya kila usiku. Akauliza hiyo ya kila usiku naweza kuiona mara ngapi? Nikamwambia tukilala siku tatu ni mara tatu. Akasema basi nipeleke huko. Tunaenda 18 mpaka 21, Obon ikiwa imeisha. Mnyalu, Suwa nakuja mwenyewe mwakani inshallah. Yotei88, chumba niombe ghorofa ya ngapi?

Yotei88:
Sisi tulikuwa ya nne, miti haikuziba. Cha kuomba ni chumba kinachotazama ziwa, andika hivyo hivyo wakati wa kubuku, kuna vya upande wa mlima ni bei rahisi lakini utasikia mlio tu. Na mama abebe sweta, usiku pale ziwani kuna kibaridi hata Agosti.