Runinga mpya ina mabaka na nukta nyekundu: niirudishe au nikae nayo?

Mpenda Soka

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu runinga mpya ya inchi 55, ya LCD yenye taa za LED na ubora wa 4K, ambayo imekaa sebuleni kwangu kwa siku kumi sasa. Duka lililoniuzia linapokea bidhaa zinazorudishwa ndani ya siku 14, kwa hiyo zimebaki siku nne tu, na bado sijakata shauri.

Kasoro ya kwanza ni nukta ndogo nyekundu karibu na kona ya chini kushoto, ambayo haizimiki hata picha yote inapokuwa nyeusi. Ya pili, na ndiyo inayonikera zaidi, ni mabaka. Kamera inapoufuata mpira kutoka goli moja hadi jingine, naona juu ya nyasi michirizi ya wima iliyofifia, pamoja na baka lenye ukubwa wa kiganja upande wa kulia, na vyote hivyo havisogei pamoja na picha bali hukaa palepale, kana kwamba kioo hakikufutwa vizuri. Nimekifuta kwa kitambaa laini na hakuna kilichobadilika. Usiku, tunapotazama filamu yenye giza, pembe mbili za chini hutoa mwanga kama wa kurunzi.

Mume wangu na watoto hawaoni chochote mpaka niwaonyeshe kwa kidole, na wanasema natafuta makosa. Lakini nilidunduliza muda mrefu kwa ajili ya runinga hii, na nikishaiona kasoro siwezi tena kutoiona. Vilevile nahofia kuirudisha kisha nikapewa iliyo mbaya kuliko hii. Je, kasoro hizi ni za kuvumiliwa, au nina sababu ya kutosha ya kuirudisha?

Fundi wa Vioo

Dada, zitenganishe kasoro hizo, kwa maana chanzo chake si kimoja na uamuzi wake hauwezi kuwa mmoja.

Nianze na nukta. Skrini ya 4K ina pikseli, yaani vitone vidogo vinavyounda picha, 3,840 kwa upana na 2,160 kwa urefu, jumla 8,294,400, na kila pikseli ina sehemu tatu, nyekundu, kijani na buluu, kila sehemu ikiwa na swichi yake ndogo mno. Hizo ni swichi karibu milioni 25 kwenye kioo kimoja. Yako mojawapo imekwama ikiwa wazi, ndiyo maana nyekundu haizimiki. Nukta ya namna hii wakati mwingine huachia yenyewe, au baada ya kuonyeshwa rangi zinazobadilika upesi upesi kwa saa kadhaa, tofauti na pikseli nyeusi iliyokufa, ambayo kwa kawaida hairudi. Tafadhali usiibonyeze kwa kidole wala kwa kalamu kama baadhi ya watu wanavyoshauri, kwa sababu unaweza kuongeza baka lingine.

Usitegemee hati ya dhamana kwa nukta moja. Kiwango cha kimataifa cha skrini bapa cha mwaka 2001, ISO 13406-2, kiligawa skrini katika madaraja, na daraja la pili liliruhusu pikseli mbili zinazowaka daima na mbili zisizowaka kabisa katika kila pikseli milioni moja. Mwaka 2008 nafasi yake ilichukuliwa na ISO 9241-307, lakini wazo la idadi inayoruhusiwa lilibaki, na watengenezaji wengi huandika idadi yao wenyewe katika masharti ya dhamana. Nukta moja huwa ndani ya idadi hiyo.

Mabaka na michirizi ni habari nyingine. Katika LCD, kioo chenyewe hakitoi mwanga, bali mwanga hutoka kwenye taa zilizo nyuma yake au kwenye kingo zake, ukapita katika karatasi za kuusambaza kabla ya kufika machoni mwako. Karatasi hizo zikikaa vibaya kidogo, au fremu ikikibana kioo zaidi upande mmoja, mwanga hautoki sawasawa. Picha yenye mambo mengi hulificha tatizo hilo, ilhali uwanja wa kijani unaopita taratibu hulifichua, kwa kuwa jicho lina muda wa kulinganisha. Kwa hiyo hujidanganyi, na familia yako pia haikudanganyi. Wao wanautazama mpira.

Kabla ya kuamua, fanya majaribio. Iwashe kwa nusu saa ipate joto. Iondoe kwenye hali ya picha kali iliyokusudiwa kwa ajili ya dukani, kisha upunguze nguvu ya taa za nyuma mpaka ikufae kwa chumba chako, kwani mara nyingi hilo pekee hupunguza sana ule mwanga wa pembeni. Halafu onyesha rangi moja skrini nzima, kwanza kijivu cha wastani, kisha kijivu cheusi zaidi, kisha nyeupe, ukiwa umeketi mahali unapoketi kila siku. Kwa inchi 55 pikseli moja ina upana wa takriban milimita 0.3, na jicho zima haliwezi kutenganisha pikseli na jirani yake ukikaa mbali zaidi ya mita moja na kidogo. Nukta inayong'aa kwenye giza, hata hivyo, huonekana kutoka mbali zaidi, kama nyota inavyoonekana ijapokuwa ni ndogo machoni. Usipime kwa picha za simu zilizopigwa gizani, maana kamera hukusanya mwanga kwa muda mrefu na kuukuza ule uliovuja.

Jaribio la mwisho: fungua menyu ya runinga yenyewe juu ya picha. Mchirizi ukiikata menyu, tatizo liko kwenye skrini. Usipoikata, chunguza kebo na king'amuzi. Na ukiona mstari mkali, mwembamba na ulionyooka kutoka juu hadi chini, rudisha bila mjadala. Mstari wa namna hiyo mara nyingi hutokana na utepe unaounganisha saketi na kioo ambao umeanza kuachia, na mmoja huweza kufuatwa na wa pili.

Nilibadilisha Mara Mbili

Maelezo ya Ndugu Fundi nayaunga mkono. Mimi naongeza jambo ambalo lilinigharimu wiki tano kulielewa.

Runinga yangu ilikuwa na mabaka kama yako, taa zikiwa kwenye kingo. Nikaomba nibadilishiwe, nikaletewa nyingine ya toleo lilelile; baka la kulia halikuwepo, ila pembe za juu ziling'aa. Nikabadilishiwa tena, na ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote, huku siku za kurudishiwa fedha zimeshapita. Kila mara niliamini kwamba nimepata kifaa kibovu, kumbe nilikuwa napambana na aina ya runinga. Kasoro ya kifaa kimoja, kama nukta yako au mstari uliotajwa hapo juu, huondoka ukibadilishiwa. Kasoro inayotokana na namna toleo zima lilivyoundwa hubadilisha mahali tu. Kwa hiyo swali la kurudisha au kutorudisha linafuatwa na jingine zito zaidi: unaomba nyingine ileile, au unaomba fedha zako?

Kama utaomba fedha, tafuta LCD ambayo taa zake zimetandazwa nyuma ya kioo chote na huweza kufifishwa kwa maeneo. Nayo haikosi michirizi kabisa, lakini ule mwanga wa pembeni huwa mdogo. OLED, ambayo ni aina nyingine ya skrini, haina taa za nyuma, kwani kila pikseli hujiwakia na kujizima yenyewe, hivyo weusi wake ni weusi kweli. Hata hivyo, ina mambo yake. Kwenye kijivu kilicho karibu na giza baadhi huonyesha michirizi ya wima, na alama inayokaa mahali pamoja kwa saa nyingi, siku baada ya siku, inaweza kuacha kivuli cha kudumu. Wewe unatazama soka, ambako ubao wa matokeo haubanduki pembeni mwa skrini, kwa hiyo lipime hilo kabla ya kulipa.

Utaambiwa pia kwamba mabaka hupungua runinga ikitumika. Ni kweli kwamba baadhi hupungua kioo kikishatulia, lakini wewe una siku nne. Usiziweke rehani kwa tumaini hilo.

Msomaji wa Risiti

Mimi nizungumzie karatasi tu. Kurudisha, kubadilishiwa na kutengenezewa ni mambo matatu tofauti, na mlango wa kwanza ndio unaofungwa mapema. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, aliyenunua kwa mtandao ana siku 14 za kujiondoa katika mauzo bila kutoa sababu yoyote, lakini siku hizo zikipita hubaki na madai ya kasoro, na hapo anaweza kulazimika kubishana kama baka ni kasoro au ni hali ya kawaida. Soma masharti ya duka lako leo hii, hasa kama boksi likishafunguliwa fedha hurudishwa zote au hukatwa.

Liarifu duka kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho, hata kama hujaamua, ukitaja tarehe ya kupokea na kila kasoro uliyoiona. Tafuta boksi, maboya yaliyoikinga runinga ndani yake, stendi na rimoti. Ondoa akaunti zako na uirudishe runinga katika hali ya kiwandani. Iwekeni wima mnapoibeba, wawili, bila kukishika kioo katikati; ikipata ufa njiani, shauri lote linageuka dhidi yako.

Mpenda Soka

Nawashukuru sana nyote. Nimefanya majaribio usiku wa jana na leo asubuhi. Mwanga wa pembeni ulipungua kiasi cha kuvumilika nilipopunguza nguvu ya taa. Nukta nyekundu naiona kwenye giza tu, nayo peke yake isingenifanya niirudishe. Lakini kwenye kijivu cha wastani, nikiwa nimeketi kwenye kochi langu, baka la kulia na michirizi mitatu vilionekana wazi, na viliikata menyu. Mume wangu alikaa kando yangu na safari hii aliviona bila kuonyeshwa.

Nilisoma maelezo ya toleo hili na kukuta kwamba taa zake ziko kwenye kingo, kwa hiyo sikuomba nyingine ileile. Nimeliandikia duka kwamba naomba fedha, na wamejibu kwamba watakuja kuichukua kesho kutwa, ambayo ni siku ya 13, na kwamba hawatakata chochote mradi boksi na vifaa vyote vipo. Maboya mawili watoto walikuwa wameyafanya ngome chumbani kwao, yamepatikana, mazima.