Ramani ya Shanghai ya wakati wa vita: mwaka unapatana?

Swali: Wakuu, ramani hii ya mitaa ya Shanghai ina chapa ya Showa 17 (mwaka wa kalenda ya Kijapani), na bado inaonyesha barabara ya Avenue Joffre. Vinapatana?

Jibu: Vinapatana kabisa. Kupata mwaka wa kawaida, 17 jumlisha 1925 ni 1942. Avenue Joffre iligeuzwa jina kuwa Taishan mwaka 1943, serikali ya Wang Jingwei, iliyowekwa na Wajapani, ilipokabidhiwa maeneo ya mji yaliyotawaliwa na wageni. Ukikuta barabara hiyo ikiitwa Linsen, ramani ni ya 1945 au baadaye.

Jibu: Ila chapa haithibitishi kwamba karatasi yenyewe ni ya mwaka huo, ndugu. Shika lenzi utazame mistari myembamba: ikiwa imeundwa kwa vitone vya rangi nne, hiyo ni nakala ya kisasa.

Jibu: Mikunjo isipigwe pasi, na selotepu usithubutu. Gundi yake hugeuka njano na kupenya karatasi.