Eti "nenda ukazaliwe huko"! Kisa nimeuliza kimashine cha namba za foleni

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka. Yule wa dirishani leo kanimaliza. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kila aliyewahi kuhitaji mhuri katika maisha yake ameshakutana naye. Ndiye yule anayetafuna huku anakutazama, anayeinua kidole kimoja maana yake subiri, na kidole hakishuki mpaka jua lizame.

"Nenda ukazaliwe huko." Ndivyo alivyoniambia. Mbele za watu!

Ile foleni yao mnaijua pia. Ni vita. Huyu alikuwa mbele ya yule mama, yule kashikiwa nafasi na shemeji yake, shemeji mwenyewe hajulikani alipo, na mwingine "anauliza tu" lakini anauliza na faili zima mkononi. Nadhani kuna watu wamechumbiana, wakaoana na kuachana ndani ya mstari ule bila kufika mbele. Basi nilipofika nikamwambia kwa adabu zangu zote, nikamwita mpaka mwanangu: "Mwanangu, kwa nini msiweke kile kimashine cha kutoa namba kama nchi za wenzetu? Mtu anachukua namba yake, anakaa, anaitwa." Hilo tu. Sikupandisha sauti, sikugonga meza.

Akaacha kutafuna. Akanipandisha na kunishusha. Kisha, kwa sauti ya kusikika hadi getini: "Mzee, ukitaka mambo ya Ulaya, nenda ukazaliwe huko."

NIKAZALIWE! Mtu mwenye wajukuu, nikazaliwe! Na nani? Na foleni nzima ikacheka, wakiwemo wale wa shemeji.

Sasa nimwambie huyo dada, maana najua wenzake wanapita humu. Kimashine hicho si chombo cha kwenda mwezini. Wasweden wanavuta vinamba tangu miaka ya 1960. Ni kibuyu cha plastiki chenye karatasi iliyoviringishwa ndani, ulimi umetokeza nje, unavuta, namba yako hiyo. Cha aina ile ya zamani hakina injini, hakina hata waya. Kwao unakikuta kwenye duka la dawa, unakikuta mpaka kwa muuza nyama. Yaani muuza nyama ana utaratibu kumshinda mwenye mhuri wa serikali!

Na hajaishia hapo. Akiwa ameshanituma nikazaliwe, ananidai fotokopi ya kitambulisho. Kitambulisho kilichotolewa na ofisi hiyo hiyo, kwenye dirisha hilo hilo, na mkono huo huo! Estonia waliunganisha mifumo ya ofisi zao tangu 2001, na kanuni yao ni kwamba serikali haimuulizi raia jambo ambalo ofisi nyingine ya serikali inalo tayari. Raia anaweza hata kuingia mtandaoni akaona ofisi ipi imechungulia taarifa zake. Mimi nachunguliwa na foleni nzima, halafu natumwa fotokopi, nikirudi naanza mwisho wa mstari kwa sababu shemeji karudi!

Nimetoka pale sijapata mhuri. Nimepata "nenda ukazaliwe huko". Na alivyoisema alikuwa anafuta mdomo kwa karatasi, naapa, ilikuwa fomu ya mtu.

Naombeni mseme, hivi ni haki?

mtu_wa_mwisho: Nimesoma yote. Nenda ukazaliwe huko 😂😂 Huyo dada apewe kombe.

Kisu Butu: Mzee wangu, ulikuwa umeshafika dirishani. Namba ya nini tena? Ungechukua mhuri wako uende zako, mapinduzi ungeyafanya ukiwa mlangoni unatoka.

Mleta uzi: Niliuliza kwa ajili ya walio nyuma yangu! Na ndio walionicheka!

Chungu Tamu: Afadhali wewe umejibiwa. Dereva wa basi langu hajibu binadamu, anajibu honi. Luxembourg tangu mwaka 2020 mabasi, tramu na treni ni bure nchi nzima, hata ukiwa mgeni umeshuka leo. Unalipa tu ukitaka daraja la kwanza kwenye treni. Mimi nalipa kila siku na nasimama kwa mguu mmoja, kwapa la mtu puani. Anzisheni uzi wa yule dereva, huyu wa dirishani ni malaika.

fundi_bomba: Usiguse habari ya usafiri nitalia. Japani, Novemba 2017, treni ya Tsukuba Express iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati wake. Sekunde! Kampuni ikatoa tamko la kuomba radhi, na hakuna abiria aliyekuwa amelalamika. La kwangu likitaka huondoka kabla, lisipotaka haliji, na kondakta ananikasirikia mimi.

Mleta uzi: Poleni, lakini je, kondakta amewahi kukuambia ukazaliwe? Hilo ndilo naongelea. UKAZALIWE.

Nipo Mbali: Mimi naishi nje, acheni kudanganyana. Ujerumani Jumapili karibu maduka yote yamefungwa kwa sheria, ukiishiwa chumvi Jumamosi usiku umeishiwa. Ofisi zao zinapenda barua za karatasi kuliko zinavyopenda watu. Japani nimepita, choo kinakuosha na kiti kina joto, lakini pipa la taka barabarani utalitafuta mpaka uchoke. Mapipa mengi yaliondolewa baada ya lile shambulio la gesi ya sarini kwenye treni za Tokyo mwaka 1995. Watu wanarudi nyumbani na taka zao kwenye mkoba.

Chungu Tamu: Umetaja choo kinachokuosha halafu unataka tukuhurumie kwa pipa?

Nipo Mbali: Nasema tu kila nchi ina dirisha lake.

Kisu Butu: Huyo wa Ujerumani aseme na habari ya chupa. Unarudisha chupa ya plastiki kwenye mashine ya duka, unarudishiwa senti 25 za yuro. Kwetu chupa inarudi yenyewe, kwa njia ya mtaro, mvua ikinyesha.

Mama Pacha: Nyote mnaongelea mambo ya barabarani. Mimi nataka kitu kimoja tu duniani, kabati la vyombo la Ufini. Linatundikwa juu ya sinki, ndani hakuna ubao, kuna chanja. Unaosha sahani, unaisimamisha humo ikiwa inachuruzika, maji yanadondokea kwenye sinki, unafunga mlango. Basi! Hakuna kufuta, hakuna kupanga mara ya pili. Mama mmoja wa huko, Maiju Gebhard, ndiye aliyelieneza miaka ya 1940 baada ya kuona jinsi wanawake wanavyomaliza maisha yao wanafuta sahani. Miaka ya 1940! Mimi bado nasimama na kitambaa kilicholowa.

mtu_wa_mwisho: Kabati lisilo na sakafu? Vijiko si vitaanguka?

Mama Pacha: Vijiko vina kikopo chake humo humo. Umewahi kuosha chombo wewe?

Mleta uzi: Jamani, mada ni DIRISHA. Kanitukana mbele za watu na ninyi mnaongelea vijiko. Kesho inabidi nirudi kwake na fotokopi!

Chungu Tamu: Mzee subiri kidogo. Mama Pacha, mende je?

Mama Pacha: Mende wanapenda uchafu na unyevu uliotuama. Hapo maji yanashuka yote, hayatuami.

fundi_bomba: Mimi ni fundi na nasema halifai kwa kila nyumba. Sinki nyingi ninazofunga ziko chini ya dirisha. Kabati utalitundika wapi, hewani?

Mama Pacha: Nani aliwatuma mziweke chini ya dirisha?

fundi_bomba: Mwenye nyumba anataka aone nje wakati anaosha.

Mama Pacha: Huyo mwenye nyumba hajawahi kuosha sahani hata moja. Hamisha sinki.

fundi_bomba: Bomba nalo nihamishe kwa maombi? Unajua kuvunja ukuta wewe?

Kisu Butu: Bomba la plastiki linapindishwa, fundi, usitutishe.

fundi_bomba: Haya, njoo ulipindishe wewe. Nitakuletea na ndoo.