Mrejesho: ruta ya nyumbani yenye simu ya intaneti (Ujerumani)

Wakuu, salaam. Niliuliza ninunue ruta gani hapa Ujerumani ili simu yetu ya mezani ifanye kazi kwenye laini ya DSL (intaneti inayopita kwenye waya wa simu), badala ya kukodi ruta ya kampuni kila mwezi. Asanteni sana nyote mliojibu.

Nilifuata ushauri wa FRITZ!Box 7530. Ina tundu moja la simu ya waya na kituo cha DECT (cha simu za nyumbani zisizo na waya) humo humo, kwa hiyo adapta ya kuunganishia simu sikuhitaji. Uliyenikumbusha kwamba tangu Agosti 2016 sheria inamruhusu mteja kutumia ruta yake mwenyewe, Mungu akubariki. Kampuni ilinipa jina la mtumiaji na nywila ya SIP (mfumo wa kupiga simu kupitia intaneti) bila malipo, nikaviingiza, namba ikasajiliwa. Sauti ni safi hata watoto wakitazama video, maana ruta yenyewe inazipa simu kipaumbele.

Kilichogoma: simu yetu ya zamani ya DECT, ya chapa nyingine, inapiga na kupokea vizuri, ila haisomi orodha ya majina iliyo kwenye ruta. Mama mkwe bado anabonyeza namba moja moja. Faksi hukatika katikati, nimeachana nayo. Umeme ukikatika simu nayo inazimika, kama mlivyonieleza mapema.

Atakayechukua ruta ya kawaida na adapta pembeni, sauti ikisikika upande mmoja tu, aanze kwa kuzima SIP ALG (kipengele kinachobadilisha taarifa za simu za SIP zinapopita) kwenye ruta.