MJADALA: Je, ni sawa kanisa kuandaa meza ya Pasaka ya Kiyahudi Alhamisi Kuu?

Wapendwa, salamu. Jambo hili limetugawa kanisani kwetu, naomba tulijadili bila kurushiana mawe.

Alhamisi Kuu mwaka jana tuliandaliwa ukumbini ile karamu ambayo Wayahudi huiita Seda, ya kukumbuka kutoka utumwani Misri: meza ndefu, vikombe vinne vya juisi ya zabibu (kwetu divai mwiko), mfupa wa mbuzi, mboga chungu, na mhubiri kajitanda shali ya sala ya Kiyahudi. Tukaambiwa, "Hivi ndivyo alivyokula Yesu." Simu zikatoka, picha zikapigwa. Wengine walilia kabisa.

Mimi naona mlo wa Pasaka una mengi ya kumfundisha Mkristo, ila kuuigiza vile, hapana. Kutoka 12 inataja nyama ya kuokwa motoni, mikate isiyotiwa chachu na mboga zenye uchungu. Vikombe vinne havimo. Vimo katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi (walimu wa dini ya Kiyahudi), uliokusanywa mnamo mwaka 200, wakati Hekalu lilikuwa limeshabomolewa na Warumi tangu mwaka 70 na marabi wameshaipanga upya Pasaka isiyo na sadaka. Hiyo "hivi ndivyo" mhubiri kaitoa wapi?

Tena kwa wenyewe si igizo. Hapo Uganda, karibu na Mbale, wako Abayudaya, jamii ya Wayahudi iliyoanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Kampala ilianguka mikononi mwa majeshi yetu ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na jua lilipozama siku hiyohiyo Pasaka ya Kiyahudi ikaingia. Watu hao wakisema "tulikuwa watumwa", wana haki ya kusema.

Mwaka huu nilibaki nyumbani. Nikachemsha mchunga bila kumwaga maji yake, bila nazi, nikachoma chapati kavu. Mwanangu wa miaka sita akatema: "Mama, leo umesahau nazi?" Sikuwa nimepanga, lakini Kutoka 12:26 inasema watoto watauliza. Nikaanza kumsimulia habari za Farao na matofali, halafu sauti ikanikauka. Dada wa kazi alikuwa anakula jikoni, peke yake, kama kila siku. Nikamwita. Alikaa kwenye ncha ya kiti, hakula sana.

Nyie mnaonaje?

JIBU: Mleta mada, unakaza mno. Paulo mwenyewe kasema Kristo ni Pasaka wetu, "basi na tuifanye karamu" (1 Wakorintho 5:7-8). Mimi Kutoka sikuwahi kukigusa tangu kipaimara, meza kama hiyo ndiyo iliyonirudisha. Ukidai uhakika wa historia, 25 Desemba nayo utaifuta?

JIBU: Sisi Wakatoliki Kutoka 12 ndilo somo la kwanza la misa ya jioni hiyo, halafu watu wanaoshwa miguu. Sioni mnachokifuata mbali.

MLETA MADA: Ndugu wa kipaimara, hapo umenipata kidogo. Kama ilikurudisha kwenye Neno, siwezi kukunyang'anya. Basi wangesema tu, "Wayahudi wa leo hula hivi," wasimvishe Yesu mambo ya karne za mbele. Na mkialikwa na Wayahudi wenyewe, nendeni mkaketi kama wageni. Hapo sina neno.

JIBU: Samahani dada, mimi nimeganda pale jikoni. Siku zilizofuata huyo binti alikula wapi?

MLETA MADA: Jikoni, siku mbili. Nilijiambia ndivyo anavyopenda mwenyewe. Siku ya tatu mwanangu akabeba sahani yake akamfuata hukohuko. Sasa cha jioni tunakula wote mezani. Cha mchana bado.