Wanafunzi anatomia ya kitabuni wanaijua, wakiwekewa CT wanapotea. Mnawafundishaje?

Mwl_Anatomia
Wakuu habari zenu. Nafundisha anatomia mwaka wa pili udaktari na kuna jambo linaninyima raha. Mwanafunzi ukimpa mchoro anakutajia mpaka vijimishipa vidogo, ila mwekee CT ya tumbo (picha za eksirei za mwili kipande kwa kipande) askroli mwenyewe, hata kongosho halioni. Slaidi zenye mishale tunazo kibao, sasa idara inataka kununua programu ya 3D ya bei mbaya. Kabla hela haijatoka naombeni mawazo.

DktPicha
Mkuu mishale ndo inawaharibu. Mwanafunzi anakariri mshale umeelekea wapi, basi. Wape CT nzima, vipande vyote kuanzia diaframu hadi nyonga, wafungue wenyewe kwenye laptopu, programu ya 3D Slicer ni ya bure na inafungua DICOM (mafaili ya picha za hospitali) bila shida. Halafu kazi iwe kufuata mshipa mmoja bila kuuachia. Mi naanzaga na aota kwa sababu ni kubwa haipotei, unashuka nayo mpaka inapogawanyika usawa wa L4 hivi (pingili ya nne ya kiuno). Wakizoea nawapa vena ya figo ya kushoto, waitoe kwenye figo, waivushe mbele ya aota, chini kidogo ya pale ateri ya mesenteri ya juu inapochomoza, mpaka iingie vena kava. Hapo wengi inawaponyoka, wanapanda juu wanashuka tena, na huko kuhangaika ndo kujifunza kwenyewe, usiwahi kuwaonyesha.

Nuru_Redio
Naunga mkono, ila msisahau dirisha, yaani sehemu ya vivuli unayochagua kuonyesha. Kwenye skeli ya Hounsfield, kipimo cha weupe na weusi wa CT, maji ni 0, hewa -1000, mafuta yanacheza karibu na -100, mfupa unapanda mamia mpaka kupita 1000, na jicho haliwezi kuona vivuli vyote hivyo kwa mpigo. CT ya kifua ukiweka upana 1500 na kitovu -600 unaona mishipa imetawanyika ndani ya mapafu, ukihamia 400 na 40 mapafu yanakuwa meusi tii ila moyo na tezi unaziona. Mwache abadilishe mwenyewe kwa mausi. Na siku ya kwanza kabisa waambie kipande cha mkingamo (kilichokata mwili kwa upana) tunakitazama kutokea miguuni, ndo maana ini liko kushoto mwa skrini.

mwaka_wa_nne
Naongea kama mwanafunzi. 3D inasaidia kuelewa kitu kimepita nyuma ya kipi, mfano vena ya mlango nyuma ya shingo ya kongosho, hiyo sikatai. Ila mtihani wenu ukiwa picha iliyoganda na mshale, sisi tutasoma mishale tu. Tunaomba na mtihani uwe wa kuskroli.

Mwl_Anatomia
Hii ya mtihani imenigusa, naipeleka kikaoni. Picha zenyewe mnatoa wapi?

DktPicha
Visible Human Project ya Marekani, mwili wa mwanamume ulitoka 1994 na wa mwanamke 1995, una CT, MRI (picha za sumaku) na picha za mwili wenyewe uliokatwa vipande, unalinganisha moja kwa moja. The Cancer Imaging Archive nayo ina picha nyingi zilizoondolewa utambulisho. Za hospitali usizichukue kienyeji, kwanza omba kibali, halafu kumbuka kufuta jina kwenye faili hakutoshi, wakati mwingine limeandikwa juu ya picha yenyewe, na CT ya kichwa ukiijenga kwa 3D sura ya mgonjwa inatokea.